Taiti ya kubana, kutoka mkasini hadi dukani: njia iliyopitiwa na Spanx

Mwaka 1998 Sara Blakely, muuza mashine za faksi nchini Marekani, alitaka kuvaa suruali yake ya rangi ya krimu bila mistari ya chupi kuonekana. Akachukua mkasi, akakata nyayo za stokingi ya kubana, akaivaa ndani. Juu ilikaa vizuri. Chini ilijiviringisha na kupanda mguuni muda wote. Kuitafutia dawa kasoro hiyo kulimchukua miaka miwili na akiba yake ya dola 5,000, na humo ndimo ilimozaliwa Spanx, kampuni iliyothaminiwa dola bilioni 1.2 mwaka 2021, kampuni ya uwekezaji ya Blackstone iliponunua sehemu kubwa ya hisa zake.

Anayetaka kuingia kwenye biashara hii aanze kama alivyoanza yeye: vazi moja, kero moja. Usitoe mkanda wa tumbo, bodi (vazi la kubana la kiwiliwili) na sidiria kwa mpigo. Hapa tunashona taiti inayoanzia chini ya sidiria na kuishia juu ya goti, kwa sababu inavaliwa chini ya gauni, sketi na suruali, na kasoro zake nyingi huonekana kwa macho.

Kitambaa

Tafuta nailoni yenye spandeksi (nyuzi zinazovutika) asilimia 20 hadi 25. Usiridhike na maneno ya muuzaji. Beba rula dukani. Weka alama mbili zilizoachana sentimita 10, vuta mpaka kitambaa kikatae. Alama zikifika sentimita 15 au 16, kinafaa. Kishikilie hivyo kwa sekunde 30, kisha kiachie. Kikirudi kwenye 10, au 10.2 kwa ubaya zaidi, chukua. Kikibaki 10.5, kiache hapo hapo hata kama bei ni nzuri: taiti yake itabana asubuhi na kulegea kabla ya saa sita mchana.

Ukifika nyumbani, kifungue na kukilaza mezani saa 24 kabla ya kukata. Kwenye robota kinakuwa kimevutwa. Ukikikata vile vile, vipande vitajirudi baada ya kushonwa na saizi ya kati itageuka saizi ndogo. Upande unaovutika zaidi ndio uzunguke mwili. Ukiugeuza, nguo itakwama mapajani.

Kukata na kushona

Vazi la kubana hukatwa dogo kuliko mwili, na mafundi wengi waliozoea magauni hukosea hapa. Kwa kitambaa tulichokipima, punguza asilimia 12. Mwenye nyonga za sentimita 104 anakatiwa 91.5, bila kuhesabu nafasi ya mshono. Ukipunguza asilimia 5 tu umeshona taiti ya mazoezi. Ukipita 20, mvaaji hatamaliza sherehe. Urefu usiupunguze kwa kiasi hicho. Taiti fupi toka katikati ya miguu hadi kifuani hujivuta chini kila mvaaji anapokaa, na wengi hudhani tatizo ni lastiki.

Mbele ya tumbo weka kitambaa mara mbili, kuanzia chini ya kifua hadi juu kidogo ya mfupa wa kinena. Kipande cha ndani kikate kifupi kwa sentimita 1 pande zote ili kingo zake zisijichore juu ya gauni. Katikati ya miguu weka kiraka chenye bitana ya pamba, si nailoni tupu, maana vazi hili hukaa mwilini saa nyingi na ngozi ya hapo inahitaji hewa.

Shona kwa ovaloki ya nyuzi nne na uzi wa poliesta. Asiye na ovaloki atumie zigizaga nyembamba. Mshono ulionyooka hukatika siku ya kwanza kwa sababu nguo inavutika na uzi hauvutiki. Sindano iwe ya vitambaa vinavyovutika, namba 75. Cherehani ikiruka mishono, badilisha sindano kabla ya kumwita fundi wa mashine.

Kiunoni na miguuni

Tumia muda mwingi hapa. Sehemu ya juu hujiviringisha kwa sababu tatu: lastiki ni nyembamba, imekazwa mno, au inaishia pale mwili unapojikunja mtu akiinama. Tumia lastiki laini yenye upana wa sentimita 5 hadi 7, ipeleke hadi chini ya sidiria, na uikate pungufu kwa asilimia 10 tu ya kipimo cha pale inapokaa. Pale pakiwa 82, kata 74. Ikikataa bado, shonea utepe wa silikoni kwa ndani.

Miguuni fanya kinyume chake. Usiweke lastiki nyembamba ya kukaza, kwani nyama itajitokeza chini yake na itaonekana hata kupitia suruali ya jinzi. Weka utepe mpana unaovutika, au acha ukingo uliokatwa vizuri bila kupindwa ikiwa kitambaa hakifumuki.

Kujaribisha

Blakely alipoanza kuzunguka viwanda vya soksi vya jimbo la North Carolina, alikuta vazi likijaribiwa kwenye sanamu la plastiki, na lastiki ya kiuno ya kipimo kimoja ikiwekwa kwenye saizi zote ili kuokoa gharama. Yeye alijaribisha kwa wanawake wenyewe. Huo, kwa maoni yetu, ni uamuzi uliombeba kuliko tangazo lolote.

Tafuta wanawake wasiopungua watano kwa kila saizi, wakiwemo waliojifungua na wenye mapaja manene. Wavae kwa muda wa saa nane za kazi: wakae, wapande daladala, wale chakula cha mchana. Kisha uliza mambo ya wazi. Walipumua hadi mwisho wa pumzi? Walipata kiungulia? Walihisi ganzi upande wa nje wa paja? Ganzi hiyo inatokana na mshipa wa fahamu unaobanwa karibu na nyonga, na si jambo la kumwambia mteja avumilie. Panua pale, hata kama umbo litapungua kubanwa. Na kila saizi ipate lastiki yake.

Jina na hataza

Usioneshe ubunifu mtandaoni kabla ya kuwasilisha ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiuige, kwa kuwa hataza hutolewa kwa kitu ambacho bado ni kipya. Tanzania Bara ofisi ni BRELA, Zanzibar ni BPRA, Kenya ni KIPI. Blakely aliandika sehemu kubwa ya ombi lake mwenyewe akisaidiwa na kitabu, akamwachia mwanasheria sehemu ya madai. Jina la Spanx lilitakiwa liishie na "ks". Akaweka "x", kwa kuwa neno la kubuni ni rahisi kulisajili. Jina kama "Taiti Bora" ni maelezo tu, na ni vigumu kumzuia mwingine asilitumie.

Kuingia dukani

Mnunuzi wa Neiman Marcus, maduka ya kifahari ya Marekani, alikuwa anamsikiliza nusu nusu. Blakely akamwomba waende chooni, akamwonesha suruali ileile bila taiti, kisha akiwa nayo. Akapata maduka saba. Fanya vivyo hivyo: nenda na nguo nyepesi ya rangi ya mwanga inayoonesha kila kitu, na muuza duka ajionee kabla hujataja bei. Pakiti yake ilikuwa nyekundu kati ya pakiti za rangi ya mchanga, na alisimama dukani mwenyewe kuwaonesha wateja.

Novemba 2000 mtangazaji Oprah Winfrey aliisifu Spanx kwenye kipindi chake cha televisheni, na oda zikafurika. Siku kama hiyo ikikukuta, hatari kubwa ni kukimbilia robota jipya la kitambaa "kilekile". Kila robota huvutika tofauti. Toa rula, weka alama mbili za sentimita 10, na upime upya kabla ya kukata hata jozi moja.