Jinsi ya kusajili shirika la hisani la akina mama Uingereza kwa ajili ya watoto Tanzania

Vikundi vingi vya akina mama wa Kitanzania huku Uingereza vinaanzia kwenye WhatsApp. Mmoja analeta habari za watoto waliobaki na bibi yao, tunachanga, sare na madaftari yananunuliwa. Ni jambo jema sana. Ila michango ikishakuwa ya kila mwezi, na watu wa nje wakaanza kutoa, pesa za watoto zisikae tena kwenye akaunti ya mtu binafsi. Sajilini.

Kwa England na Wales msajili ni Charity Commission, yaani tume ya mashirika ya hisani. Walioko Scotland waende OSCR, msajili wa huko; hatua zifuatazo ni za England na Wales. Kwa vikundi vyetu napendekeza muundo wa CIO (Charitable Incorporated Organisation). Mashirika mengine hulazimika kusajiliwa mapato yakizidi pauni 5,000 kwa mwaka, lakini CIO husajiliwa hata mkiwa na kidogo, na inakuwa na nafsi yake kisheria, kwa hiyo deni la shirika kwa kawaida halimfuati mama nyumbani kwake.

Anzeni na wadhamini (trustees), yaani wasimamizi wa shirika. Wapateni angalau watatu, wasitoke familia moja. Ni kazi ya kujitolea, hailipwi. Aliyefilisika kisheria na bado hajaondolewa kwenye hali hiyo, au mwenye hukumu ya wizi au udanganyifu ambayo muda wake haujapita, hawezi kuwa mdhamini. Ulizaneni mapema, maana kila mmoja atatia saini tamko.

Kisha katiba. Tume inatoa mifano miwili ya katiba ya CIO: katika mmoja wadhamini ndio wanachama pekee, katika mwingine wapo wanachama wengine wenye kura. Kama mmezoea kuamua mambo pamoja kama kwenye kikoba, chukueni wa pili, na msibadilishe maneno ovyo.

Sehemu ya kutulia nayo ni madhumuni. “Kusaidia watoto Tanzania” haitoshi. Semeni nani, wapi, kwa njia gani: kuondoa umaskini na kuendeleza elimu ya watoto waishio katika mazingira magumu mkoani Kagera, hasa kwa kuwapatia sare, vifaa vya shule na chakula cha mchana. Itaandikwa kwa Kiingereza, lakini ijadilini kwanza kwa Kiswahili ili kila mama ajue anachokubali. Na isiwe orodha ya wapwa zetu. Sheria inataka faida ya umma.

Andaeni sera ya kulinda watoto kabla ya kujaza ombi, pamoja na maelezo ya pesa inavyosafiri: nani anapokea, nani anahakiki. Kama mnapitia makao ya watoto, ombeni nakala ya leseni yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawataka wawe nayo. Zungumzeni na afisa ustawi wa jamii wa eneo husika, maana yeye anajua watoto gani wameshapata msaada na nani amesahaulika. Risiti ya sare iwe na jina la duka, tarehe na kiasi kinacholingana na taarifa ya benki. Tena nawasihi: msiombe michango kwa picha ya mtoto yenye jina lake na shule yake. Umaskini haumwondolei mtoto haki ya kusitiriwa.

Ombi linajazwa mtandaoni, bure. Anayedai ada kwa jina la tume ni tapeli. Ambatanisheni katiba na tamko la wadhamini, na maswali yakirudi yajibuni ndani ya muda mliopewa.

Namba ya usajili ikitoka, fungueni akaunti ya shirika inayohitaji idhini ya watu wawili, kisha ombeni HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, iwatambue ili mpate Gift Aid, yaani peni 25 za ziada kwa kila pauni ya mchangiaji anayelipa kodi ya kutosha. CIO hupeleka hesabu zake kila mwaka hata mapato yakiwa madogo, ndani ya miezi 10 baada ya mwaka wa fedha kuisha. Mweka hazina aiweke tarehe hiyo kwenye kalenda mapema.