SOMO: Kufuatilia manowari ndogo za Japani za kutega mabomu baharini, hatua kwa hatua

Habari zenu wanajukwaa. Tukisoma Vita Kuu ya Pili upande wa Pasifiki, wengi hukimbilia Yamato, ile meli kubwa ya kivita ya Japani, na meli za kubeba ndege. Leo tuziangalie Sokuten, Hirashima na ndugu zao, manowari zilizofanya kazi ya kila siku bila sifa. Chukueni ramani ya Pasifiki ya magharibi na penseli.

Hatua ya 1: Ijue meli. Sokuten ilikamilika 1938, Hirashima 1940. Uzito tani 720 hivi, injini za dizeli, mwendo noti 20 (maili za baharini kwa saa), nafasi ya mabomu 120.

Hatua ya 2: Elewa bomu linavyotegwa. Hapa msipite haraka. Bomu hukaa juu ya nanga yake, na nanga hutembea kwenye reli za sitaha mpaka inatumbukia tezini, yaani nyuma ya meli. Nanga huzama hadi chini, waya hujikunjua, na bomu hubaki likielea chini ya uso wa maji kwenye kina kilichopangwa mapema. Lina pembe za madini laini ya risasi zenye kichupa cha kioo ndani. Meli ikigonga pembe, kichupa huvunjika, asidi humwagika na kuzalisha umeme unaolilipua. Nahodha lazima ashike mwendo na mwelekeo uleule, na mahali pa kila safu paandikwe kwenye ramani, maana bomu halichagui bendera.

Hatua ya 3: Tenga kazi iliyokusudiwa na kazi iliyofanyika. Zilijengwa zilinde bandari na milango ya bahari. Ila Japani iliingia vitani ikiwa na uhaba mkubwa wa meli za kusindikiza misafara, na hizi zilikuwa tayari na mabomu ya kupigia nyambizi. Zikageuzwa walinzi wa misafara. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha somo lote: ukizitafuta kwenye maeneo ya mabomu tu, hutaelewa kwa nini zilizama kule zilikozama.

Hatua ya 4: Weka alama pale kila meli ilipozama, na kilichoizamisha. Anzeni na Hirashima: 27 Julai 1943, karibu na visiwa vya Goto, nyambizi ya Marekani Sawfish. Sokuten: 25 Julai 1944, Palau, ndege. Ajiro: 1 Oktoba 1944, karibu na visiwa vya Bonin, nyambizi Snapper. Takashima: 10 Oktoba 1944, Okinawa, ndege. Yurishima: 14 Januari 1945, pwani ya mashariki ya Malaya, nyambizi Cobia. Naryu: 16 Februari 1945, kusini mwa Honshu, nyambizi Sennet.

Unganisheni alama hizo na njia za misafara, mtaona zinavyofuatana.

Hatua ya 5: Linganisha kumbukumbu. Makamanda wa nyambizi walidai meli nyingi kuliko walizozamisha. Tathmini ya kamati ya pamoja ya majeshi ya Marekani ya 1947 ilipunguza madai hayo. Isomeni sambamba na kumbukumbu za Kijapani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, noti 20 hazikutosha kuikimbia nyambizi? Chini ya maji si ilikuwa inakwenda noti 9 tu?

Jibu: Zingetosha kama meli ingekuwa peke yake. Msindikizaji hafuati kasi yake, anafuata ya meli ya mizigo iendayo polepole kuliko zote. Nyambizi nayo haikuhitaji kufukuza: usiku ilikwenda juu ya maji, ikautangulia msafara na kuusubiri mbele.

Swali: Kaka, Wajapani walifika bahari yetu?

Jibu: Walifika kwa nyambizi. Tarehe 30 Mei 1942 walishambulia Diego Suarez, Madagaska, wakaijeruhi manowari ya Uingereza Ramillies. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi I-27 iliizamisha Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini ikielekea Colombo. Ndani walikuwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Walikufa watu 1,297.

Swali: Je, Japani yenyewe ilitegewa?

Jibu: Sana. Kuanzia Machi 1945 ndege za Marekani za B-29 zilidondosha mabomu ya kutega majini zaidi ya 12,000 kwenye bandari na njia zake, kuanzia mlango wa Shimonoseki. Mengi hayakuhitaji kuguswa. Yalilipuka kwa sumaku au sauti ya meli inayopita, na kuyasafisha kuliendelea miaka mingi baada ya vita.