Kabla ya Kufungwa Holta Baada ya Mshtuko wa Moyo

Moyo mzima haupigi kama saa ya ukutani. Ukivuta pumzi mapigo huharakia kidogo, ukiitoa hupoa, kwa kuwa neva ya vagasi hushika breki na kuiachia. Mshtuko wa moyo unaweza kuilegeza breki hiyo. Holta, mashine ndogo inayofungwa mwilini kwa waya na vibandiko vya kifuani, hurekodi mapigo kwa saa 24, kisha hupigwa hesabu ya jinsi muda kati ya pigo na pigo unavyotofautiana (SDNN). Chini ya milisekunde 50 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde) hatari ya kifo ni kubwa zaidi. Juu ya 100 ni dalili njema. Saa ya mkononi inayopima dakika moja haiwezi kulinganishwa na takwimu hizi.

Usifanye kipimo hiki siku za mwanzo kabisa baada ya mshtuko, neva zikiwa bado zimevurugika. Ramadhani nayo, kwa daku na usingizi uliokatika, hubadilisha picha ya usiku. Kama daktari hana haraka, ngojea. Anayetoka Pemba kupimwa Unguja apange kulala, asifungwe mashine akiwa na safari ya boti siku hiyo.

Koga kabla, maana ukishafungwa hukogi. Kifuani usipake mafuta ya nazi wala losheni, vibandiko havitashika. Msimu wa kaskazi jasho huving'oa, basi omba vya akiba na plasta. Udhu hauna tatizo kwa kuwa kifua hakioshwi, ila kwenye sijida angalia waya zisivutike.

Dawa za kupunguza kasi ya moyo usiziache kwa sababu ya kipimo: kuzikata ghafla ni hatari kuliko jibu lolote utakalopata. Andika jina, kiasi na saa uliyomeza. Andika pia kahawa ya barazani, sigara, kupanda ngazi na saa ya kulala. Rekodi inayosomeka isipungue saa 18, usiku mzima ukiwemo.

Wengi hawaulizi kama rekodi imesafishwa. Mapigo ya ziada yakihesabiwa pamoja na ya kawaida, takwimu hupanda na mgonjwa huonekana mzima. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio kabisa, hesabu hii haimfai. Wala haichukui nafasi ya eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti: uamuzi wa kupandikiza kifaa cha kushtua moyo hutegemea zaidi nguvu ya kusukuma damu inayoonekana kwenye eko, yaani sehemu ya damu inayotolewa na moyo kila pigo ikiwa asilimia 35 au chini, ikipimwa siku 40 au zaidi baada ya mshtuko.

Kifua kikibana au ukizirai, usingoje saa 24 zitimie. Nenda hospitali na mashine yako kifuani.