SOMO: Programa aliyeiva ni yupi? Hatua nne za kufuata

Swali la "nijue lugha ngapi za kompyuta ndipo niitwe programa (mwandishi wa programu) kamili?" nimeulizwa mara nyingi, leo naliandikia somo. Kwangu idadi ya lugha haina uzito. Programa aliyeiva ni yule ambaye programu yake ikigoma anaweza kukueleza kwa nini imegoma, na ikikubali anaweza kukueleza kwa nini imekubali. Hilo la pili ndilo gumu zaidi.

Hatua ya 1: Shika lugha moja

Python ya Guido van Rossum (1991) inasomeka kirahisi. JavaScript (1995) tayari imo ndani ya kivinjari chako. Chagua mojawapo, basi. Kinachowachelewesha wengi ni kuhamahama: leo hii, kesho ile, na kote wanaishia sura ya tatu. Masharti (ikiwa hivi, fanya vile), vitanzi (kurudia kazi), funksheni (kipande cha kazi chenye jina) na orodha vimo karibu katika kila lugha. Ukivielewa huku, kule utakuwa unajifunza tahajia tu. (Nimetia chumvi, lakini si sana.)

Hatua ya 2: Maliza kitu kimoja

Programu ndogo ya kutunza matumizi yako inatosha, ila imalize kweli: ikizimwa isipoteze data, mtu akiandika herufi mahali pa namba isianguke. Hifadhidata (ghala la data) na SQL (lugha ya kuiuliza) utakutana navyo humo humo. Tumia Git, chombo kinachotunza kila toleo la kazi yako, tangu siku ya kwanza, ili ukiharibu uweze kurudi ulikotoka.

Hatua ya 3: Fukua kosa mpaka mzizi

Hapa ndipo watu hutengana. Niliwahi kuandika programu ya malipo iliyokataa hesabu sahihi: 0.1 jumlisha 0.2 haikulingana na 0.3. Nikakata tarakimu za mwisho kwa kubahatisha, ikakubali, nikalala. Baada ya wiki kosa likaibukia kwingine. Ndipo nikakaa chini nalo. Kompyuta huandika namba kwa 0 na 1, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa njia hiyo, kama vile theluthi isivyokoma ukiiandika 0.333. Jumla yangu ilikuwa 0.30000000000000004. Dawa ikawa kutunza fedha kwa senti, namba nzima, basi.

Utaratibu wangu: soma ujumbe wa kosa wote (kwenye Python anzia mstari wa mwisho). Punguza programu mpaka ibaki mistari michache inayozaa kosa lile lile. Kisia sababu moja, ijaribu, na usibadilishe vitu viwili kwa mpigo. Ukishalitibu, andika jaribio litakalopiga kelele kosa likirudi.

Na usiridhike na "mbona inafanya kazi". Mwaka 1996 roketi ya Ariane 5 iliangamia chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa sababu namba ya biti 64 (biti ni 0 au 1 moja) ililazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16. Msimbo huo (maandishi ya programu) ulitoka kwenye roketi ya awali, Ariane 4, ambako haukuwa na shida yoyote.

Hatua ya 4: Soma msimbo wa wenzako

Miradi huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, ipo tele. Humo utajifunza pia kupima gharama: kutafuta jina kwenye orodha ya majina 1,000,000 moja baada ya jingine kunaweza kukufikisha mwisho wa orodha; lakini ikiwa imepangwa kialfabeti, ukiigawa nusu kwa nusu, hatua 20 zinatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, hisabati ilinishinda shuleni. Nina nafasi?
Jibu: Unayo. Kazi nyingi za tovuti hazivuki hesabu za kawaida na mantiki ya "ikiwa hivi, basi vile". Ukienda kwenye michezo ya 3D au kufundisha mashine, huko aljebra utadaiwa.

Swali: Akili bandia inaniandikia msimbo. Hatua ya 3 ya nini tena?
Jibu: Ndiyo utakayoihitaji zaidi. Akili bandia inaweza kukuandikia 0.1 + 0.2 kama nilivyoandika mimi, na lawama zikija zitakuwa zako. Itumie, ila mstari usioweza kuueleza usiupeleke kwa mtumiaji.

Swali: Natakiwa kukariri amri zote?
Jibu: Hapana. Mimi hadi leo hufungua nyaraka kuangalia namna ya kuandika tarehe. Tarehe zina visa vyake, zitahitaji somo zima.