Kurekodi Hotuba ya Jukwaani kwa Simu: Mbinu ya Laurence Olivier

Mwigizaji akipaaza sauti, mshika simu humsogelea. Matokeo yake mdomo unajaa kwenye kioo, mishipa ya shingo imetutumka, na mtazamaji anaona kama anafokewa yeye. Laurence Olivier, mwigizaji wa Uingereza, alipoongoza na kuigiza filamu ya Henry V mwaka 1944, alifanya kinyume: hotuba ilianza kamera ikiwa karibu, na kadiri sauti ilivyopanda ndivyo kamera ilivyorudi nyuma.

Jaribu na hotuba ya Antonio katika Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare, tafsiri ya Nyerere. Chukua mistari 20 tu. Tia alama ya penseli pale sauti inapopanda, mara mbili au tatu. Zikizidi hapo, huyo anapiga kelele, haigizi.

Anza mita 1 kutoka kwa mwigizaji, picha ikishika kifua hadi utosi. Kwenye kila alama rudi hatua tatu, polepole, msaidizi akikushika bega usijikwae. Usivute picha kwa vidole. Itachujuka na kurukaruka.

Kazi iko kwenye sauti. Ukifika mita 6, simu yako itanasa tuktuk kuliko Antonio. Kwa hiyo simu ya pili irekodi sauti peke yake, imefungwa kiunoni mwa mwigizaji ndani ya kanzu. Ukiiweka kolani, ukelele utapasuka. Piga kofi moja mbele ya kamera ili baadaye ulinganishe sauti na picha. Na jaribio lifanyike kwa mstari wenye kelele kuliko yote. Ile "moja, mbili, tatu" ya kunong'ona hudanganya kila siku.

Mama Ngina, ufukweni Mombasa, pana mandhari, ila upepo wa kusi hauna huruma na feri za Likoni hupiga honi. Nenda alfajiri, mwigizaji aupe upepo mgongo ili mwili wake uikinge simu, na uizungushie kipande cha leso, tabaka moja.

Maneno ya kujisemea moyoni yarekodi baadaye, chumbani, kando ya nguo zilizotundikwa. Katika filamu ya Hamlet ya 1948, iliyompa Olivier Oscar ya mwigizaji bora, baadhi ya maneno ya namna hiyo yanasikika mdomo wake umefumbwa.

Hata hivyo, Othello yake ya jukwaani ilipopigwa filamu mwaka 1965, baadhi ya wahakiki waliona uigizaji ule umezidi kipimo cha kamera. Ukiona hivyo kwenye kioo chako, rudi hatua mbili zaidi kabla hujamwambia mwigizaji apunguze.