Somo: Kusafisha na Kutunza Meko ya Gesi ya Nje

Meko ya gesi ya nje, yaani yale ya kuotea moto na mapambo, hayaachi majivu, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba hayahitaji usafi. Yanayokaa nje huharibiwa zaidi na mvua, vumbi na buibui, ambao hutanda ndani ya mirija myembamba meko yanapokaa bila kutumika. Ndiyo maana somo hili litakaa zaidi kwenye njia ya gesi kuliko kwenye mawe na kuta.

Hatua ya kwanza. Funga gesi kwenye mtungi au koki kuu, kisha uyaache meko yapoe kabisa, kwani mawe hutunza joto muda mrefu baada ya moto kuzimwa.

Hatua ya pili. Ondoa mawe ya volkano au vipande vya kioo vilivyotandazwa ndani ya beseni la meko. Vioo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, vikasuuzwa na kukaushwa. Mawe hutosha kupigwa brashi kavu. Usijazie pengo kwa mawe ya mtoni, kwa maana maji yaliyonaswa ndani yake hugeuka mvuke na kulipasua jiwe kwa nguvu.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha kazi. Safisha kichomeo, yaani bomba lenye matundu ambamo moto hutokea, kwa brashi laini, kisha pitisha waya mwembamba katika kila tundu lililoziba. Kijiti cha mbao hakifai, kwa sababu hukatikia ndani, wala usitoboe tundu kulipanua, kwani ukubwa wake umepimwa kulingana na gesi. Fungua nozeli (kipande chenye tundu dogo linaloingiza gesi kwenye kichomeo) na tundu la kuingizia hewa, ukague kama kuna utando wa buibui: utando mdogo tu hupunguza gesi au hewa, na moto ukawaka kwa masizi au upande mmoja. Nozeli ya propani na ile ya gesi asilia zina matundu ya vipimo tofauti, hivyo kamwe zisibadilishane. Hakikisha pia kwamba tundu la kutolea maji ya mvua chini ya beseni liko wazi.

Hatua ya nne. Ikiwa meko yana mwali mdogo wa kuwashia, futa masizi kwenye ncha ya thamokapo (kihisi joto kinachoiacha vali ya gesi wazi mwali unapowaka) kwa kitambaa laini. Ncha hiyo isipokaa ndani ya mwali haipati joto la kutosha, na vali hujifunga yenyewe.

Hatua ya tano, isiyorukwa hata siku moja. Kagua mpira wa gesi kama una nyufa. Kisha, koki ya kichomeo ikiwa imefungwa, fungua gesi na upake povu la sabuni kwenye kila kiungio. Mapovu yakikua, gesi inavuja: funga na umwite fundi. Kutafuta uvujaji kwa kiberiti ni kuhatarisha maisha.

Fremu ya chuma kisichoshika kutu ifutwe kwa kufuata mistari yake. Sufu ya chuma (steel wool) huacha chembe za chuma ambazo baadaye huota kutu.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, mwali wa manjano ni dalili ya ubovu?
Jibu: Si lazima. Meko mengi ya mapambo yametengenezwa yatoe mwali wa manjano. Dalili ya kuangalia ni masizi meusi juu ya mawe, moshi, au mwali unaocheza bila nguvu.

Swali: Nimejaribu kuwasha, moto haukushika, na sasa nasikia harufu ya gesi. Nijaribu tena?
Jibu: Funga gesi kwanza na usiwashe chochote. Propani ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini ya beseni na mahali palipobonyea. Subiri hadi harufu iishe kabisa. Isipoisha ingawa umefunga, ondoka hapo na utafute msaada ukiwa mbali.

Swali: Nifunike meko mara baada ya kuzima?
Jibu: Hapana, subiri yapoe. Kifuniko kiwe na nafasi ya kupitisha hewa, kwa sababu unyevu unaofungiwa ndani huleta kutu haraka.