Chombo cha mvua kikibaki wazi, pH unayoandika ni ya vumbi

Wakulima wa Rusayo, Sake na vilima vya jirani, karibu na Goma huko Kongo, wanaopima asidi ya mvua hawakosi bidii. Karatasi za pH wanazo, daftari wanalo. (pH ni namba ya asidi: ikishuka chini ya 7, asidi inazidi.) Kinachoharibu kazi ni jambo moja: beseni linatolewa nje asubuhi, linashinda wazi likingoja mvua, mvua inanyesha saa kumi jioni, na maji yanapimwa kesho yake. Maji hayo yamechanganyika na vumbi la barabara, majivu ya jikoni na kinyesi cha ndege. Namba yake haifai kuandikwa.

Moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira una gesi ya salfa, tena una klorini na florini zilizo katika hali ya asidi. Tone la mvua likipita humo linazibeba. Hata mvua isiyokutana na moshi wowote huwa karibu na pH 5.6, kwa sababu ya hewa ya kaboni tu, kwa hiyo usishtuke ukikosa 7. Sasa angalia majivu ya kuni: hayo yanaua asidi. Saruji inayopepea kutoka kwa jirani anayejenga nayo ni hivyo hivyo. Mvua ya 4.4 ikiangukia beseni lenye vumbi la namna hiyo inaweza kusoma 6.4, na kwa kuwa kila hatua moja ya pH ni mara 10, umekosea mara 100. Majivu mabichi ya volkano yanafanya kinyume, yanashusha pH kwa sababu yamevaa asidi. Beseni wazi linadanganya juu na chini, na hakuna hesabu ya kulisahihisha baadaye.

Hasara yake ni ya franki kabisa. Aliyesoma 6.4 anaacha miche ya kabichi bila kuifunika. Aliyesoma 4 anakimbilia kununua mifuko ya chokaa. Papa, mama, chokaa hainunuliwi kwa kipimo cha mvua! Inanunuliwa kwa kipimo cha udongo, na udongo wa lava ambao bado ni mpya una madini ya kutosha kustahimili mvua nyingi za asidi kabla haujachoka.

Chombo chenyewe ni faneli ya plastiki yenye mdomo wa sentimeta 20, imekaa juu ya chupa nyeupe ya plastiki ya lita moja, kwenye nguzo ya mita 1.5 ili matope yasiruke ndani. Mti wa mita 4 uwe mbali mita 8 au zaidi. Kwa faneli hiyo, milimita 1 ya mvua inatoa mililita 31, kwa hiyo mililita 157 ni mvua ya milimita 5. Mfuniko ni sahani ya plastiki yenye jiwe juu. Maji ya mabati hayahesabiwi hata kidogo: zinki inayeyuka na kupandisha pH.

Marekani, katika mtandao wao wa kupima mvua ulioanza 1978, mashine inahisi tone na kufungua mfuniko yenyewe. Hapa mkono wako ndio mashine. Fungua matone ya kwanza yanapoanguka, usingoje mvua ikolee, maana hayo ya kwanza ndiyo yanayoosha hewa na ndiyo makali zaidi. Mvua ikikatika, funika ndani ya dakika 10. Ikinyesha usiku umelala, andika "haikupimwa" na tarehe. Kufungua kabla ya kulala eti mawingu ni meusi ni kosa lile lile, limebadilishwa saa tu.

Pima ndani ya saa moja. Mimina kidogo kwenye kikombe safi, usitumbukize karatasi ndani ya chupa. Tumia karatasi za kati ya 4 na 7 zenye hatua ndogo. Zile za 1 hadi 14 hazikuambii kitu. Maji ya mvua ni mepesi mno, rangi inachelewa: acha karatasi mpaka rangi iache kubadilika, hata dakika 5. Soma kivulini mchana, si chini ya taa ya njano. Kidole kisiguse sehemu ya rangi.

Kuosha ni kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, mara tatu, bila sabuni, kwa sababu sabuni nayo inapandisha pH. Dukani wanayauza kwa ajili ya betri, na hapo uwe macho: ukisema tu "maji ya betri" unaweza kupewa asidi yenyewe. Mara moja kwa wiki pitisha mililita 200 za maji hayo kwenye faneli iliyooshwa, uyapime. Yakisoma 7 au zaidi, chombo bado kichafu.

Vyombo viwili vilivyo mita 3 kutoka kila kimoja vikipishana chini ya 0.3, unapima vizuri.

Karatasi ya pH haioni florini. Maji ya pipa yakisoma 6.8 hayajathibitishwa kuwa ya kunywa. Kikomo cha florini cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha kunaiongeza kwa sababu maji ndiyo yanayopungua.

Zebaki pia haionekani kwa karatasi. Inatoka kwenye volkano na kwenye moto wa wachimba dhahabu, na katika mvua inahesabiwa kwa nanogramu, yaani gramu iliyogawanywa mara bilioni moja. Chupa ya soda haifai, plastiki hiyo inaipoteza. Inatakiwa faneli ya kioo na chupa ya kioo iliyoandaliwa na maabara, ambayo asidi ya kuhifadhi iko tayari ndani. Usiimwage ukidhani ni uchafu. Kazi ni ya watu wawili wenye glavu: mmoja anashika chupa peke yake, mwingine anashika nguzo, mfuniko na mifuko. Chupa inaingia katika mifuko miwili, inakaa gizani, na hakuna anayevuta sigara karibu. Chupa hiyo nayo, ikibaki wazi kati ya mvua na mvua, jua linairudisha zebaki hewani na vumbi linaleta nyingine.